Kiti cha Mwaka wa Pili

Wadogo zangu,

Jumapili ile mliponizunguka nje ya kanisa pale Bertrams, hapa Johannesburg, mliniuliza swali moja: mtu aliyekwisha kuanza masomo katika chuo fulani, anawezaje kuhamia chuo kikuu kile cha Braamfontein, kile ambacho kila mzazi wetu hukitaja anapoomba? Nilisema "eish", nikaangalia viatu vyangu. Mnanijua. Mbele ya watu maneno hunikimbia. Nikawaambia nitaandika. Imechukua muda, kwa sababu shule niliiachia darasa la sita kule Uvira, na kila sentensi naipima mara mbili kabla ya kuiacha iende.

Kuhusu kusoma chuo kikuu sijui kitu. Ninachokijua ni mlango wake, na jinsi unavyofungwa. Tangu ndevu zangu zikiwa mbili tatu nilifanya kazi kwenye duka la kopi karibu na chuo hicho. Tulitoa kopi, tulipiga picha za paspoti, tuliskani vyeti na kutuma maombi ya wanafunzi. Siku hizi kila mwanafunzi ana skana ndani ya simu yake, na duka limegeuka kuwa la kuuza kuku wa kukaanga. Kazi imestaafu, nami nimestaafu nayo, ingawa mama yangu anasema hata umri wa kuoa sijafikisha vizuri.

Mwenye duka alikuwa Mzee Mwamba, mtu wa Lubumbashi. Kule kwao, kabla mishahara haijakauka, alikuwa karani wa aparitora. Wazazi wenu wanaijua aparitora: ni ofisi ya chuo inayoandikisha wanafunzi na kutunza dosiye zao, yaani majalada yao. Alifika Johannesburg akiwa na mashine moja ya kopi iliyotumika na heshima yote ya ofisi ile. Wakongomani walimwamini kuliko tovuti. Mzazi akishika simu yenye majibu yote ndani yake bado alipanda basi kutoka Yeoville kuja kumwuliza Mzee.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza alinipa cheti cha mtu akasema nikiskani. Nilikiskani kikiwa kichwa chini. Hakunigombeza. Aliichapa karatasi ile, akaibandika ukutani juu ya mashine, akaniambia, "Kila asubuhi utaigeuza kichwa yako uisome. Siku utachoka, utajua kuskani." Shingo iliniuma mwezi mzima.

Mengine niliyajifunza kwa wateja. Watu walipiga picha za vyeti juu ya shuka la maua, vidole vikionekana pembeni. Mzee aliwaambia, "Chuo kinaomba diplome. Hakikuomba kidole." Wengine walileta kopi zilizogongwa muhuri wa polisi mwaka uliopita, wakashangaa kuambiwa muhuri nao huchacha kama maziwa, vyuo vingi vya huku hutaka uwe wa miezi michache tu nyuma. Na sisi Wakongomani tuna majina matatu, wakati ukurasa wa maombi una nafasi ya mawili. Mtu anaitwa hivi kwenye pasi, vile kwenye diploma, na vingine kwenye karatasi ya ukimbizi. Kompyuta inaona watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekamilisha maombi. Chagueni mpangilio mmoja wa majina yenu sasa, mkiwa bado mko sekondari, na msiuache.

Haya ni madogo. Yanarekebishika. Ninalotaka kuwaandikia halikurekebishika, na lilimpata Nsimire, binti wa Papa Cirhuza.

Papa Cirhuza ni fundi cherehani wa Troyeville. Alikuja dukani siku moja akiwa na utepe wa kupimia bado shingoni, akasahau hata kusalimu. Mkewe alikuwa amepooza upande mmoja. Wakati huo Nsimire alikuwa mwaka wa kwanza wa ufamasia katika chuo kidogo huko kaskazini, safari ya karibu siku nzima kwa basi. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Papa Cirhuza alishona mstari mmoja, akainuka kumgeuza mkewe kitandani, akarudi, akashona mwingine. Suruali za wateja zilikuwa zinatoka na mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Mzee," alisema, "huyu mtoto asome hapa. Alale nyumbani. Asubuhi amwogeshe mama yake, aende chuo, jioni arudi. Sitaki aache masomo. Nataka tu asome karibu."

Hilo ndilo lililokuwa likitafutwa, si jina la chuo wala fahari. Chuo cha karibu chenye kozi hiyo kilikuwa kile cha Braamfontein, nacho kila mtu anakitaka.

Tulikuwa na mteja mmoja Mkenya, Mwalimu Njeri, mhadhiri wa hapo hapo. Alikuja mara ya kwanza kwa picha za paspoti za watoto wake, akaendelea kuja kwa sababu watoto hao nyumbani walimjibu kwa Kiingereza, na kwetu alipata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Mzee alimweleza habari ya Nsimire, akamwuliza mlango wa mwaka wa pili uko wapi.

"Mwaka wa pili hauna mlango, Mzee," alisema Mwalimu Njeri. "Mwaka wa kwanza wanachukua watu mpaka darasa linajaa. Mwaka unaofuata ni hao hao wanapanda. Wewe wa kutoka nje unangoja mtu aanguke."

"Aanguke namna gani?"

"Afeli. Augue. Akose ada. Abadilishe mawazo. Kiti kikibaki wazi, kwanza wanatazama wanafunzi wao wenyewe wanaotaka kubadilisha kozi. Hao wako ndani, alama zao zinajulikana. Kikibaki bado, ndipo wanafungua maombi ya nje. Na hapo usidhani wanatafuta aliyefaulu. Wote wamefaulu. Mwenye sabini na kitu amepanga foleni na wenye themanini na kitu."

Mzee Mwamba alicheka. "Kwetu sabini ni distinction. Mtaa mzima unakununulia bia."

"Huku wanakununulia pole," alisema Mwalimu Njeri. "Huyo msichana aombe, asiache kuomba. Lakini awe na mahali pa kurudi."

Maneno hayo ya mwisho tuliyasikia wote. Kila mmoja aliyaelewa kwa namna ya kwao.

Nsimire aliporudi likizo ya Desemba alikuja dukani na folda yake. Ni mtu wa maneno machache, nami vilevile, kwa hiyo tulifanya kazi haraka. Alikuwa amefaulu masomo yote. Kemia alikuwa na themanini na zaidi. Alikuwa amezunguka kwa walimu wake akachukua muhtasari wa kila somo, wiki kwa wiki, vitabu gani, mitihani mingapi. Hili liandikeni mahali: chuo kipya hakiamini jina la somo. Kinataka kujua mlifundishwa nini ndani yake, ili waamue kama watalihesabu au utalirudia. Wengi huja na matokeo peke yake, na ombi lao hulala hapo. Nsimire hakukosa karatasi hata moja. Nilituma ombi lake likiwa safi kuliko yote niliyowahi kutuma.

Ujumbe ulikuja kwamba ombi limekamilika. Papa Cirhuza alilisikia neno "limekamilika" akalipeleka kanisani. Tukaimba. Mama mmoja alitoa ushuhuda kwamba Mungu wetu hapangi foleni. Ujumbe ule ulimaanisha tu kwamba hakuna karatasi iliyopungua. Wanautuma kwa kila mtu, hata atakayekataliwa kesho yake. Tulipiga makofi kwa ajili ya risiti.

Januari chuo cha Braamfontein kikataka kitu kimoja zaidi: cheti cha mwenendo mwema kutoka chuo alichokuwa anasoma. Ni karatasi ya kawaida. Inasema mwanafunzi huyu hana kesi ya kinidhamu, basi. Nsimire akapanda basi kwenda kuichukua, na ilikuwa wiki ile ile ya kujiandikisha mwaka wa pili huko.

Kwanza niwaeleze jambo moja la nyumbani, maana wengi wenu mmezaliwa hapa. Kule Kongo, zamani za Mzee, dosiye ya mwanafunzi ilikuwa na vyeti vyake halisi, na vilikaa ndani ya kabati la aparitora. Ukitaka kuhama, unaandika barua, wanakupa dosiye yako, unaibeba mkononi mpaka chuo kingine. Dosiye ikiwa bado chuo cha kwanza, cha pili hakikutazami. Mzee Mwamba alikuwa ametoa dosiye za namna hiyo maisha yake yote. Aliijua kazi hiyo kama Papa Cirhuza anavyojua pindo la suruali.

Papa Cirhuza alikuwa dukani Nsimire alipopiga simu. Akaiweka juu ya meza, sauti nje, ili Mzee asikie.

"Papa, cheti wamenipa. Sasa wananiuliza kama ninajiandikisha mwaka wa pili hapa, wakati ninangoja jibu la Joburg."

Papa Cirhuza alimtazama Mzee. Mzee alisogea karibu na simu, akaivua miwani kama mtu anayekwenda kusema jambo la ofisi.

"Mwana, sikia miye. Usijiandikishe. Toa dosiye yote, saini unaondoka. Ukijiandikisha huko, hawa ba huku bataona jina yako fasi mbili, batasema huyu anacheza na sisi."

"Mzee, mama wa hapa ofisini anasema nikisaini kuondoka, nafasi hii sitairudia."

"Bote banasema vile. Hata miye nilikuwaka nasema vile, juu batu bakae. Chuo ni sawa ndoa, mwana. Mwanamuke hawezi kuja kuolewa na pete ya mwengine ku kidole."

Papa Cirhuza alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Umesikia? Mzee amekaa aparitora miaka mingi kuliko umri wako. Saini, mama."

Pale kwenye simu ilisikika sauti ya watu kwenye foleni nyuma yake, na mtu mmoja akisema kwa Kiingereza kwamba wanaofuata wasogee.

"Sawa, Papa," alisema Nsimire.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya kwenye meza ile. Mimi mwenyewe niliona Mzee amesema vizuri, na nikaendelea kukata picha za paspoti.

Wiki iliyofuata Mwalimu Njeri alipita. Mzee alimweleza kwa furaha kwamba mambo yamepangwa, mtoto ameshatoka kule, sasa yuko huru kupokelewa huku.

Mwalimu Njeri aliiweka mikoba yake chini. "Mmemtoa?"

"Ametoa dosiye, ndiyo."

"Amesaini?"

"Amesaini, Mwalimu. Ni utaratibu."

Alinigeukia mimi. "Safari, mpigie. Sasa hivi."

Nilipiga. Nsimire alipokea, nikasikia maji. "Ya Safari, ninamwogesha mama," alisema, akiniita "ya", yaani kaka. "Nikupigie baadaye?"

Mwalimu Njeri alinyoosha mkono, nikampa simu. Aliongea naye polepole. Alimweleza kwamba huku mtu anaweza kujiandikisha chuo chake huku akingoja jibu la chuo kingine, kwamba hakuna anayemwita mwizi, kwamba anayefuta usajili wake ni yule aliyekwisha kushika barua ya kukubaliwa mkononi. Kisha akasikiliza. Kisha akasema, "Pole. Pole sana, mami. Jaribu kuwapigia leo leo."

Mzee alikuwa amesimama na mkono juu ya mashine ya kopi. Mashine ilikuwa imemaliza kazi lakini yeye hakuziondoa karatasi.

"Kwani hapa dosiye zinakaa wapi?" aliuliza.

"Hazikai popote, Mzee," alisema Mwalimu Njeri. "Ni kompyuta."

Nsimire alipiga kule siku ile na siku iliyofuata. Aliambiwa aandike barua pepe. Tukaandika. Ikajibiwa kwamba imepokelewa.

Jibu la Braamfontein lilikuja masomo yalipokuwa yamekwisha kuanza, wanafunzi wamejaa barabarani na mabegi mapya. Lilikuwa la adabu. Lilisema maombi ya kuhamia mwaka wa pili yalikuwa mengi kuliko nafasi, na kwamba kukataliwa hakumaanishi mwombaji hafai. Mzee alilisoma kwenye skrini kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta mahali ambapo karani amekosea. Baadaye Mwalimu Njeri alituambia aliyoyasikia: kiti kilipatikana, na alikipata mwanafunzi wa ndani, aliyekuwa akisoma kozi nyingine jengo la pili.

Mzee akasema tutakwenda kaskazini. Alivaa suti yake ya kahawia, akachukua kitambulisho chake cha zamani cha aparitora, chenye picha yake akiwa na nywele. Alinichukua mimi kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma tu. Nsimire alibaki na mama yake. Tulisafiri tukila mayai ya kuchemsha, na Mzee alinifanyisha mazoezi njia nzima. Nitasema hivi. Wakisema hivi, nitajibu vile. Kwa jinsi ninavyoogopa watu, nilitamani basi liharibike.

Mama wa dirishani kule chuoni alikuwa mtu mzima, ana miwani ya kamba. Alitusikiliza mpaka mwisho. Mzee alisukuma kitambulisho chake chini ya kioo.

"Mwambie kosa ni yangu," aliniambia. "Mwambie mutoto hakutaka. Mwambie miye ni karani kama yeye, arudishe tu jina, ni kazi ya dakika."

Nilitafsiri. Mama yule alikitazama kitambulisho pande zote mbili, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Baba, mimi nilimwambia msichana asubiri," alisema. "Alikuwa analia akisaini. Alipoondoka, kiti chake kilikwenda kwa msichana mwingine aliyekuwa akingoja kuhamia kwetu kutoka chuo kingine. Yuko darasani sasa. Nikimrudisha wenu, nimtoe yupi?"

Niliyatafsiri maneno hayo kama yalivyo. Mzee akauliza kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi.

"Muulize, yule mwengine anatoka wapi?"

Mama alisema hawezi kunijibu hilo, lakini msichana huyo naye ana wazazi, na walikuja hapo hapo dirishani kushukuru.

Kwenye basi la kurudi Mzee aliongea mara moja tu. "Juu ya nini sikumwuliza yule mama siku ile ku simu?" Hakuwa ananiuliza mimi. Tulipofika mjini alienda moja kwa moja Troyeville bila kupita kwake kubadilisha suti, akaketi kwa Papa Cirhuza mpaka cherehani ikazimwa. Waliyozungumza sikuyasikia. Ninachojua ni kwamba Papa Cirhuza hakumfukuza, na suruali ya ile suti ya kahawia, iliyokuwa imefumuka pindo safarini, ilirudi imeshonwa.

Baada ya hapo mzazi akija na swali, Mzee alisema, "Uliza Safari, yeye anasoma ku kompyuta." Lakini wazazi hawakutaka kuniuliza mimi, walitaka sauti ya aparitora. Walipunguka mmoja mmoja. Mwishowe Mzee alirudi Lubumbashi kwa mwanawe. Nilipompigia kumwambia nataka kuandika haya, alisema, "Andika. Na jina yangu weka, batoto bajue ilikuwa mutu mwenye kujua kazi." Nimeliweka.

Sasa nijibu swali lenu, kwa maana najua mnasubiri niseme lini fomu zinafunguliwa. Ombeni. Lakini jueni mnaomba nini. Mnaomba kiti ambacho hakipo mpaka mtu asiyewajua apatwe na jambo. Alama zenu nzuri hazikivuti kiti hicho. Zinawaruhusu tu kusimama pale wanaposimama wengine wenye alama nzuri. Somo dogo mnalolidharau, lile la kujaza ratiba, mkilifeli mmetoka kwenye foleni. Jibu huchelewa, mara nyingine mpaka wenzenu wameshanunua vitabu, na katika muda huo wote mnatakiwa muwe mmeketi katika chuo chenu, mnasoma kama watu wasiokwenda popote. Na wazazi wakiwaambia toeni dosiye, waheshimuni, kaeni nao chini, waelezeni taratibu. Kisha mwulizeni mtu wa dirishani. Mwulizeni mbele yao, simu ikiwa juu ya meza, na mtu huyo asikike na yeye. Siku ile sauti ya mama yule tuliisikia kupitia kinywa cha Nsimire tu, na kinywa cha mtoto wa Kishi, kabila la kina Cirhuza, mbele ya baba yake hakina nguvu.

Nsimire mnamjua. Ndiye anayewasuka dada zenu pale saluni ya kona ya Bertrams, kiti cha ndani, yule asiyeongea. Mkononi ana kasi. Nilimwomba ruhusa akiwa katikati ya kichwa cha mtu. Alisema, "Andika, ya Safari, lakini usiwafanye wamchukie baba." Kwa hiyo msimchukie. Mama yake bado yu hai, na kila siku anaogeshwa asubuhi na jioni.

Aliomba tena, lazima niseme na hilo. Mwaka ule ule, maombi ya mwaka wa kwanza ya Braamfontein yalipofunguliwa, alikuja dukani na baba yake. Alisema hataki kuhama tena, ataanza upya, mwaka wa kwanza, kama aliyetoka sekondari jana. Atarudia kemia yote, hajali. Tulijaza ukurasa wa kwanza vizuri. Ukurasa wa pili ukauliza kama amewahi kusajiliwa katika chuo kikuu chochote. Nilimtazama. Alibonyeza ndiyo, maana ni kweli, na kompyuta za vyuo zinajua.

Ukurasa ulibadilika. Ulimwondoa kwa wanaoanza, ukamweka tena kwa wanaohama.

"Nini hiyo?" aliuliza Papa Cirhuza.

Nilimweleza kwamba mtu aliyewahi kuingia chuo hahesabiwi kuwa mpya, hata akitaka kuanza mwanzo. Anahesabiwa anahama.

"Anahama kutoka wapi? Si yuko nyumbani?"

Nsimire aliandika jina la chuo cha kaskazini. Palikuwa na kisanduku kinachouliza kwa nini aliondoka. Vidole vyake vilikaa juu ya herufi muda mrefu, kisha akaandika kwa Kiingereza, maneno machache.

"Umeandika nini?" baba yake aliuliza.

"Nimeandika mama aliugua."

Papa Cirhuza aliinama karibu na skrini, ingawa Kiingereza hakisomi. Alikuwa na pini mbili kwenye ukosi wa shati, amezisahau.

"Siyo hivyo," alisema. "Andika ni mimi nilikutoa."

"Papa, hapa wanataka maneno machache."

"Hayo ni machache."

Nsimire alishusha ukurasa mpaka chini, akanigeukia, akaniuliza kama cheti cha kuzaliwa nimekiskani au bado.